Mgeni Aliyejibu Mezani

Jiwe la kusagia lilikuwa likikwaruza jikoni tangu kabla ya alfajiri. Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kisha likanyamaza.

Otilia Cucul alifumbua macho. Mkono wake ulikuwa umeshapita chini ya mto na kuikamata bastola yake ya Glock. Alitega sikio. Manyunyu juu ya bati. Mbwa wa jirani. Basi.

Alishuka kitandani bila viatu, akaambaa na ukuta mpaka mlango wa jikoni, mtutu ukielekea chini. Akachungulia.

Hapakuwa na adui. Doña Chenta, mwenye mgahawa, alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe lake, viganja vyekundu kwa pilipili, anajifuta macho kwa kiwiko.

"Pilipili hizi," alisema bila kugeuka.

"Najua," Otilia alijibu. Alijua si pilipili.

"Kahawa yako iko pale karibu na moto. Nimeifunikia kisosi isipoe. Inywe kwanza, ndiyo uvae hayo madude yako."

Otilia aliirudisha bastola kiunoni, akanywa. Hakuna aliyewahi kumfunikia kahawa katika miaka yake yote ya kazi ya siri.

Jiwe likaanza tena. Kwaru. Kwaru.

Mwanawe Doña Chenta, fundi Fausto Xol, alitekwa Jumatatu. Alikuwa akitengeneza mitambo ya kukaushia iliki katika ghala moja nje ya mji wa Cobán. Siku moja gunia lilipasuka mbele yake. Badala ya iliki peke yake zikatoka bunduki, zimepakwa grisi, zimefungwa vizuri kama maiti. Fausto akapiga picha. Akazificha picha. Lakini mtu alimwona.

Bosi wa biashara hiyo aliitwa Mkaushaji. Idara ya Otilia ilimwinda muda mrefu bila kuijua sura yake wala jina lake. Simuni sauti yake ilipitia mashine, ikatoka kama ya bati. Jana jioni waliinasa simu yake akizungumza na dereva wake:

"Lori liondoke alfajiri, mpelekeni fundi mpakani, wanunuzi watamhoji wenyewe. Mimi asubuhi nitakula kwa mama yake. Nataka kumtazama usoni nijue kama picha anazo. Nikiona askari, nabonyeza simu. Nikibonyeza, mmalizeni."

Ulikuwa msimu wa iliki. Barabara zote za milimani zilijaa malori, na yote yalibeba magunia yaleyale. Kusimamisha moja kulikuwa kumshtua Mkaushaji. Kumshtua Mkaushaji kulikuwa kumuua Fausto.

Basi ilibaki meza ya Doña Chenta.

Otilia alivaa blauzi ya kufumwa na sketi ndefu, akajifunga mshipi mwekundu juu ya Glock. Kisikilizio kidogo kama punje ya mahindi, chenye kipaza sauti, alikishindilia sikioni, akakifunika kwa utepe wa nywele. Kapu la nyuzi za kuuza likakamilisha sura yake ya mchuuzi.

"Mwiko, hapa Jiko," sauti ya Kanali Barillas ilikwaruza. Alikuwa ng'ambo ya barabara ndani ya gari la kuuza mikate, na vijana wake wenye silaha wamekaa juu ya kreti. "Unanisikia?"

"Nakusikia, Jiko."

"Ukishakaa mezani usiseme na mimi. Gonga bakuli kwa kijiko. Mara mbili ndiyo. Mara moja hapana."

"Sawa."

"Na Mwiko. Ukikosea mtu, yule kijana amekufa."

"Nimekwisha kuambiwa na mama yake," Otilia alisema. "Tena kwa upole zaidi."

Mgahawa wa Doña Chenta una meza moja tu, ndefu, na kila ajaye hukaa na waliopo. Karibu na dirisha kuna kiti cha Fausto. Hakikaliwi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Tencho, dereva wa basi aliyestaafu, ambaye hula hapo kila siku ya Mungu. Alikuwa hajui lolote. Akavua kofia, akaikung'uta maji nje ya mlango ili asilowanishe sakafu.

Wa pili alikuwa Mhispania mrefu mwenye kamera ya Nikon na lenzi kama chupa ya chai. Alijitambulisha kuwa ni Iñigo Arrieta, mpiga picha za ndege.

Wa tatu aliingia kimya. Koti la ngozi, saa ya Omega, nywele zimechanwa nyuma. Lautaro Ferrer, mnunuzi wa viungo kutoka Buenos Aires. Alifika nchini Jumanne, alisema, na ndiyo mara yake ya kwanza. Aliiweka simu yake mezani, karibu na mkono wa kulia.

Otilia akaiona simu. Akaona pia koti lilivyotuna chini ya kwapa. Lakini mfuko wa kamera wa Mhispania nao ulikuwa umetuna, naye simu yake aliishika mkononi.

Wawili. Mmoja wao alikuwa na roho ya Fausto kiganjani.

Doña Chenta alileta supu. Nyekundu, mafuta yanaelea juu, paja zima la bata mzinga katika kila bakuli, harufu ya giligilani na pilipili ya moshi. Alimhudumia kila mmoja sawasawa. Hakumwaga hata tone. Otilia aliutazama mkono ule akatamani kuubusu.

"Hiki chekundu ni nini?" Lautaro aliuliza kwa lafudhi ya kwao. "Kinawasha?"

"Kilikuwa hakiwashi," Mzee Tencho alisema. "Kilianza walipoanza kuja wageni."

"Mzee, mwache mtu ale," Doña Chenta akamkemea.

"Namfundisha. Na huyu wa ndege je? Bwana mkubwa, ndege unayemtafuta amejifunika blanketi. Kwa manyunyu haya hata mimi nisingetoka, kama si supu."

"Nimetoka Bilbao kuja kumwona," Iñigo alisema akicheka. "Nitamngoja."

"Basi utangoja mpaka upate mke wa hapahapa."

Iñigo aliinua kamera, akakipiga picha kiti cha dirishani. Kisha akaielekeza ukutani, penye picha ya Fausto katika siku ya kuhitimu.

"Huyu ni mwanao, mama?"

Mwiko ulisimama juu ya chungu.

"Ni mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Kazini."

"Mzuri sana. Anarudi lini?"

"Akimaliza kazi."

Sikio la Otilia likaunguruma. "Ni yeye. Anamchimba mama. Ni Mhispania. Mwiko, thibitisha."

Otilia alimtazama Iñigo. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeuliza kwa sababu ameona picha nzuri. Alimtazama Lautaro. Huyo hakuuliza chochote. Alikuwa akimtazama Doña Chenta usoni, taratibu, kama daktari amtazamavyo mgonjwa.

Kijiko kiligonga bakuli. Mara moja.

"Usinambie hapana. Lori limeshakata mlima. Tukichelewa litafika mpakani, na hapo hatulipati tena."

Mara moja tena.

Doña Chenta alikuja na kapu la tamale za unga wa mahindi, zimefungwa majani, mvuke unatoka. Alitafuta pa kuliweka. Akaliweka mbele ya Lautaro, juu kabisa ya simu yake, akalifunika kitambaa zisipoe.

"Kula, mwanangu. Umekondeana."

Lautaro alilitazama kapu. Midomo yake ilifanya kitu kidogo, kama mtu aliyetaka kutabasamu akajizuia. Hakulisogeza.

"Chungu kimechemka," Kanali akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa amri yenyewe. "Inuka, mzungukie Mhispania nyuma. Ukimshika sisi tunaingia. Inuka sasa."

Amri ni amri.

Otilia akainuka. Supu yake haikufika nusu. Mkono ulishafika kwenye mshipi, na akili yote ilikuwa kwenye shingo ya Mhispania. Mdomo ukafanya wenyewe ulichozoea kufanya tangu utotoni.

"Asanteni," alisema.

"Kishuke salama," Mzee Tencho alijibu, mdomo umejaa.

"Kishuke salama," Doña Chenta alijibu kutoka kwenye moto.

"Kishuke salama," ikajibu sauti ya tatu, chini chini, bila uso kuinuka kutoka kwenye bakuli.

Iñigo aliwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyechelewa kuingia misani.

Otilia akasimama palepale.

Aliwahi kufanya kazi Madrid. Aliwahi kufanya kazi Buenos Aires. Huko watu hutakiana heri kabla ya kula. Anayeinuka akisema asante, watu hudhani anamshukuru mwenye mgahawa. Ni kwetu tu ambako anayeinuka huwashukuru wote waliokaa, hata wasiompa kitu, na wote humjibu. Hakuna anayejifunza hilo kwa siku chache za hotelini. Hufundishwa na mama, kwa kofi la kisogoni, mpaka jibu litoke lenyewe hata usingizini.

Jumanne, alisema. Mara yake ya kwanza.

Lautaro Ferrer akainua uso.

Macho yao yakakutana. Akajua kwamba Otilia anajua.

Mkono wake ulikwenda kwenye simu. Ukakuta kapu.

Kitambaa kikaruka. Tamale zikaruka. Nusu ya pumzi ilipotea hapo, na nusu hiyo ndiyo Otilia aliyoitaka. Alipita juu ya meza kwa ubavu, akampiga kifundo cha mkono kwa kiwiko. Simu ikateleza mezani, ikatumbukia katika bakuli la Mhispania.

Mkono wa kushoto wa Lautaro ukachomoa Beretta.

Otilia akausukuma juu.

Risasi ilitoboa bati. Manyunyu yakaanza kuingia kupitia tundu, taratibu, juu ya meza.

"Kaa," Otilia alisema. Glock ilikuwa imelala nyuma ya sikio la Lautaro. "Mikono juu ya meza."

Akakaa.

"Sikumaliza supu yangu," Iñigo alisema kwa sauti nyembamba.

"Nyamaza tu, bwana mkubwa," Mzee Tencho alimwambia kutoka chini ya meza. "Nyamaza tu."

Kanali Barillas aliingia na vijana wake. Otilia alishaitoa simu kwenye supu na kuipangusa kwa sketi. Kioo kilikuwa bado kinawaka. Kilitaka alama ya kidole.

"Mtu kama huyu hamwamini hata dereva wake," Otilia alisema. "Lazima lori analifuatilia humu. Kidole."

Walimshika mkono, wakakibandika kidole gumba kwenye kioo. Simu ikakataa. Kidole kilikuwa chekundu, kimejaa mafuta ya bata mzinga na pilipili. Wakakifuta kwa karatasi. Ikakataa tena.

"Ikikataa tena itajifunga kabisa," Otilia alisema. "Acheni."

Mkaushaji akafunga ngumi. Lafudhi ya Buenos Aires ilikuwa imekwenda zake. "Vunjeni," alisema. "Kidole kilichovimba hakifungui kitu."

Askari mmoja akavishika vidole vyake aanze kuvikunjua kwa nguvu.

"Mwache," Doña Chenta alisema.

Alikuja na beseni la maji vuguvugu, sabuni, kipande cha limau na kitambaa safi begani. Askari walimtazama Kanali. Kanali alimtazama Otilia. Otilia akasogea kumpa nafasi, bastola ikibaki pale pale.

Doña Chenta akavuta kiti, akakaa na yule mtu goti kwa goti.

"Mama yako alikuwa wa wapi?"

Aliendelea kukaza ngumi.

"Nakuuliza, mwanangu. Mtu hujibu."

"Lanquín," alisema mwishowe, akitaja kijiji cha milima hiyohiyo.

"Yupo hai?"

"Hapana."

"Alikulea vizuri kwenye meza. Nimesikia." Aliiweka ile ngumi ndani ya maji, kama ilivyo, imefungwa. Akaanza kuisugua kwa limau juu juu, kwenye vifundo. "Fausto wangu alikuwa msahaulifu. Anainuka tu kama kuku. Nilimpiga kofi hapa." Akamgusa kisogoni kwa vidole viwili vyenye povu. Hakumpiga. "Sasa hasahau."

"Jiko, hapa Barabara Moja," redio ya Motorola ilisema kiunoni mwa Kanali; walikuwa askari waliovizia barabarani. "Malori manne yamepita. Yote ya iliki. Tusimamishe?"

"Ngoja," Kanali alinong'ona.

"Sitakuomba msamaha, mama," Mkaushaji alisema.

"Sikukuomba msamaha. Nimekuomba mkono."

Maji yalikuwa yamegeuka rangi. Tone lilianguka kutoka kwenye tundu la bati, likamdondokea begani. Doña Chenta akamfuta bega, kwa sababu alikuwa amelowa, kisha akarudi kwenye mkono.

Ngumi ikalegea.

Haikufunguka yote. Kidole kimoja, kingine, kisha gumba. Alimwosha kila kimoja mpaka kwenye kucha, akamkausha kwa kitambaa, akalishika lile gumba kwa upole na kumsogezea Otilia.

"Chukua," alisema. "Kabla hajabadili mawazo."

Gumba likagusa kioo. Simu ikafunguka.

Ramani. Nukta ya kijani. Inatembea.

"Barabara Moja, hapa Mwiko." Sauti ya Otilia ilikuwa kavu. "Lori linakaribia daraja la mto Cahabón kutoka juu. Limebakiza kona moja. Lipi liko mbele yenu?"

"La buluu. Turubai limechanika."

"Ndilo. Msipige king'ora. Kwanza dereva, kabla hajashika kitu."

"Tumekupata."

Doña Chenta hakusimama. Alikuwa bado amekishika kile kitambaa, anakikunja. Anakikunjua. Anakikunja.

Redio ilikohoa.

"Dereva yuko chini. Na mwenzake. Hakuna risasi. Tunatoa magunia."

Mzee Tencho alikuwa amepanda juu ya kiti chake tena, kofia ameishika kifuani. Sasa alishaelewa ni nani anayetafutwa kwenye magunia. Aliitazama ile picha ya ukutani, akaacha kutafuna.

"Tunatoa magunia," redio ikarudia. Pakasikika kikohozi cha mbali, halafu mtu akicheka. "Jiko, fundi tunaye. Anapumua. Anapiga chafya za iliki mfululizo, na anauliza kama mama yake leo amepika supu."

Kanali akakaa juu ya kreti ya soda bila kuitazama.

Doña Chenta aliinama. Alikuwa anaokota tamale zilizoanguka, moja moja, anapuliza vumbi kwenye majani. Zilipokwisha akaendelea kuinama kidogo, akipapasa sakafu isiyo na kitu. Otilia alichuchumaa pembeni yake, akapapasa naye mpaka alipokuwa tayari kuinuka.

Kisha mama akachukua bakuli kubwa, akalifuta kwa aproni, akaliweka mezani mbele ya kile kiti cha dirishani.

"Kwani mimi nilidhaniwa nani?" Iñigo aliuliza.

"Ulikaribia kuwa jambazi maarufu," Otilia alimwambia. "Futa simu yako. Imerukiwa na supu."

Wakamfunga Mkaushaji pingu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Macario, alilitaja mwenyewe Kanali alipouliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwa watu wengine. Chakula chake kilikuwa bado mezani, paja la bata mzinga limebaki mfupa.

Alisimama. Askari walimvuta. Mlangoni akakaza miguu.

"Asanteni," alisema, bila kugeuka.

Mzee Tencho aliinamia bakuli lake. Askari waliangalia mvua. Otilia aliirudisha Glock chini ya mshipi.

Doña Chenta alikuwa na mgongo kwake, anakoroga chungu. Mwiko ukasimama. Ukakaa hivyo.

"Kishuke salama," alisema.

Wakamtoa.

Otilia alikitoa kisikilizio sikioni, akakitia mfukoni. Akaliokota kapu lake la nyuzi. Kanali alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia kuhusu ile amri, na alipoyapata, Otilia alikuwa ameshavuka mlango.

Nje manyunyu yalikuwa yaleyale. Alitembea katikati ya barabara bila haraka, mshipi umelegea juu ya bastola. Alikuwa hajafika konani aliposikia kandambili zikipiga maji nyuma yake.

Doña Chenta alimtilia mikononi fungu la tamale, limefungwa ndani ya kile kitambaa cha kapu, bado lina moto.

"Supu yako umeiacha nusu," alisema huku akihema.

"Kazi, Doña Chenta."

"Najua kazi. Fausto hajafika na mimi nimekuja kukukimbilia wewe." Alimtengeneza utepe wa nywele uliokuwa umekaa upande, akaubana vizuri nyuma ya sikio. "Urudi. Hata asubuhi moja tu. Njoo na njaa, hilo dude la kiunoni uliache kwenu. Utakuja?"